Piaget au Vygotsky: Yupi Akuongoze Unapomfundisha Mtoto Kufikiri?

Weka mbele ya mtoto wa miaka mitano safu mbili za visoda (vifuniko vya chupa za soda), sita huku na sita huku, kila kimoja kikitazamana na mwenzake. Muulize, atakuambia vinalingana. Sasa itanue safu moja, visoda viachane, bila kuongeza wala kupunguza hata kimoja. Muulize tena. Wengi wa umri huo watanyoosha kidole kwenye safu iliyotanuliwa: "Huku ndiko kwingi." Mwambie ahesabu. Atahesabu vizuri tu, sita na sita, kisha atashikilia lilelile: huku ndiko kwingi.

Mwalimu anayemfuata Piaget akiona hayo hujiuliza: mtoto huyu amefika wapi? Anayemfuata Vygotsky hujiuliza: nikimshika mkono kidogo, atafika wapi? Maswali yanakaribiana, ila huzaa vipindi viwili visivyofanana. Vyuo vya ualimu huwafundisha wanasaikolojia hawa wawili. Mwanachuo hukariri hatua nne za huyu na nadharia ya yule, hufaulu mtihani, kisha akifika darasani lenye watoto sitini hajui amwite yupi. Hapa tunawaweka bega kwa bega tukitumia kazi zilezile za darasani, ili uone kila mmoja anakusaidia wapi na anakuangusha wapi.

Ni akina nani

Wote walizaliwa mwaka 1896. Jean Piaget alizaliwa Neuchâtel, Uswisi, akasomea elimu ya wanyama na kuandika juu ya konokono na jamii yake kabla ya kugeukia watoto. Alipokuwa Paris akisaidia kusanifu majaribio ya akili ya watoto, majibu sahihi hayakumvutia sana. Kilichomvuta ni kwamba watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna moja. Akahamia Geneva mwaka 1921, akawachunguza watoto wengi, wakiwemo wake watatu, na akaendelea kuandika hadi alipofariki mwaka 1980.

Lev Vygotsky alizaliwa Orsha, katika Belarusi ya leo, akakulia Gomel, akaanza kazi ya saikolojia mjini Moscow mwaka 1924. Miaka kumi tu. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1934 akiwa na miaka 37, na baada ya 1936 maandishi yake yakazuiwa Urusi ya Kisovieti kwa karibu miaka ishirini. Tofauti hiyo ya umri wa kazi ina maana kwako: Piaget ameacha majaribio yaliyopangwa hatua kwa hatua, unayachukua na kuyafanya. Vygotsky ameacha mawazo makali yenye maelezo machache ya utekelezaji, na mengi yanayoitwa "mbinu za Vygotsky" yalibuniwa na waliokuja baadaye. Hata wazo la kiunzi, yaani msaada unaowekwa na kuondolewa taratibu kama miti ya mafundi ujenzi, liliandikwa na Wood, Bruner na Ross mwaka 1976.

Madai yao, kwa ufupi

Kwa Piaget, mtoto hujijengea akili mwenyewe kwa kugusa, kumimina, kupanga na kubomoa. Ana mkondo wa fikra aliouzoea. Akikutana na jambo jipya hulilazimisha kwanza liingie kwenye mkondo huo, kama anayemwita kila mnyama wa miguu minne "mbuzi". Jambo likigoma kuingia, mkondo wenyewe hubadilika. Mabadiliko hayo hupita hatua nne: tangu kuzaliwa hadi kama miaka miwili, mtoto hufikiri kwa hisi na mwendo wa mwili, miwili hadi saba, ana lugha na maigizo lakini hutekwa na kile macho yanachokiona, saba hadi kumi na mmoja, ana mantiki ya vitu vya kushikika, baada ya hapo huanza kuweza mambo ya kufikirika tu, kama vile "tuseme x ingekuwa hasi".

Kwa Vygotsky, fikra huanzia kati ya watu kabla ya kuingia ndani ya mtu. Mtoto huhesabu kwa vidole pamoja na dada yake, kisha peke yake kwa sauti, kisha kimoyomoyo. Lugha, tarakimu, saa, kalenda na ramani ni zana ambazo jamii imezitengeneza, na mtoto akizipokea fikra yake hubadilika umbo. Kipimo chake cha ukuaji ni umbali kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akisaidiwa. Alitoa mfano wa watoto wawili wa miaka kumi ambao wote, wakipimwa peke yao, wako kiwango cha miaka minane. Wakisaidiwa, mmoja anafika kiwango cha miaka tisa na mwingine kumi na miwili. Kwa kipimo cha kawaida wako sawa. Kwa mwalimu anayepanga masomo ya muhula ujao, hawako sawa hata kidogo.

Jaribio la Piaget: namna ya kulifanya bila kuliharibu

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo wengi wanapokosea. Kwa jaribio la maji unahitaji chupa mbili tupu za maji za lita moja na nusu, zote za aina moja, na moja ya nusu lita. Kata zile mbili kubwa katikati, chukua sehemu za chini; ile ndogo ikate shingo tu. Zungushia utepe wa gundi kwenye ncha zilizokatwa, zina makali. Mimina mililita 200 za maji katika kila chombo kikubwa, tia matone ya juisi ili yaonekane. Mwache mtoto mwenyewe akubali kuwa vinalingana. Akisita, ongeza au punguza tone hadi aridhike. Usiendelee kabla hajaridhika, maana jibu lote la baadaye linakaa juu ya hapo. Kisha mimina maji ya chombo kimoja katika chupa nyembamba mbele ya macho yake.

Sasa swali. Neno linaloharibu jaribio hili kwa Kiswahili ni "sawa". Ukimuuliza mtoto "Je, maji ni sawa?" atajibu "Sawa, mwalimu", na hutajua kama amesema yanalingana au amekuitikia kwa adabu. Badili swali liwe la kugawana: "Wewe ukinywa haya na mimi nikinywa haya, nani atakunywa mengi? Wewe, mimi, au tutalingana?" Kuna mtego mwingine kwenye "refu". Neno hilo kwetu hubeba kwenda juu, kwenda mbali, hata kina cha kisima. Mtoto akisema "hii ndefu" mwombe aonyeshe kwa mkono ni wapi paliporefuka.

Jibu peke yake halitoshi. Muulize "Umejuaje?" na sikiliza mojawapo ya sababu tatu. "Hujaongeza kitu." "Ukiyarudisha kule yatakuwa vilevile." "Hii imeenda juu lakini ni nyembamba." Mtoto mwenye sababu mojawapo ameshavuka, yaani anajua kuwa kiasi hakibadiliki hata umbo likibadilika. Kisha mtikise kidogo: "Kuna mtoto aliniambia huku ndiko kwingi kwa sababu maji yamepanda. Unaonaje?" Akibaki na msimamo, andika amevuka, akiyumba, andika yuko njiani. Mtoto anayesema "tutalingana" lakini hana sababu, kisha akageuka mara tu unapomtikisa, amebahatisha.

Kuvuka hakuji siku moja kwa mambo yote. Kwa kawaida idadi (visoda) hutangulia, miaka sita hadi saba. Kiasi cha maji na cha udongo hufuata, saba hadi minane. Uzito husubiri hadi tisa au kumi. Na nafasi ambayo kitu kinachukua ndani ya maji huja karibu na kumi na mmoja au kumi na miwili. Piaget mwenyewe aliuona mpishano huo na haukumfurahisha, kwa kuwa hatua ingepaswa kumbeba mtoto kwa ujumla. Kwako wewe una manufaa: mtoto aliyevuka kwenye visoda usimdhanie amevuka kwenye mizani.

Hitilafu kubwa ya jaribio lenyewe iligunduliwa baadaye. Unamuuliza mtoto swali, anajibu, unabadilisha kitu, unamuuliza swali lilelile. Katika maisha ya mtoto, mtu mzima anayerudia swali anamaanisha jibu la kwanza lilikuwa baya. Rose na Blank mwaka 1974 waliuliza mara moja tu, baada ya mabadiliko, na makosa ya watoto yakapungua kuliko walipoulizwa mara mbili. Mwaka huohuo McGarrigle na Donaldson walimtumia mwanasesere mtukutu aliyetokea ghafla na kuvuruga safu. Kwa kuwa mabadiliko yalikuwa ya bahati mbaya, si ya mwalimu, watoto wengi wa miaka minne hadi sita walijibu vizuri. Kwa hiyo fanya jaribio mara mbili kwa siku tofauti: moja kwa utaratibu wa Piaget, moja kwa kikaragosi cha soksi kinachovuruga safu. Akikosea kote kuwili, hapo una habari. Akikosea kwa njia ya kwanza tu, ulipima heshima yake kwako.

Kwa upande wa watoto wachanga haraka tu: Piaget alidai kuwa kabla ya kama miezi minane mtoto hatafuti kitu kilichofunikwa kwa sababu kwake hakipo tena. Renée Baillargeon mwaka 1987 alipima muda wa kutazama badala ya kunyoosha mkono, akakuta hata wa miezi mitatu na nusu hadi minne na nusu hushangaa kitu kilichofichwa kikionekana kama kimepenywa na ubao unaokificha. Mikono ya mtoto huchelewa kuliko akili yake. Kujificha nyuma ya kanga na kujitokeza ni mchezo mzuri kabla na baada ya umri huo, hauhitaji kusubiri nadharia.

Ngazi ya vidokezo ya Vygotsky, kwa hesabu moja

Mpe mtoto wa darasa la pili 32 − 17. Anaandika 25. Kosa hili ni la kawaida, na ni la kimantiki kwa namna yake: 2 haitoi 7, kwa hiyo akageuza, 7 toa 2 ni 5, 3 toa 1 ni 2. Anayempima kwa kalamu nyekundu anaweka mkasi. Anayemfuata Vygotsky anaandaa vidokezo vitano tangu chepesi hadi kizito, na hapandi ngazi ya pili kabla ya kuipa ya kwanza muda wa kutosha, sekunde kumi na tano hivi bila kusema kitu. (Sekunde hizo kumi na tano ni ngumu kwa mwalimu kuliko kwa mtoto.)

Cha kwanza: "Isome tena kwa sauti." Wapo watakaoishia hapo. Cha pili: "Mamoja juu ni mangapi? Unatakiwa kutoa mangapi?" Cha tatu: weka mezani vijiti, mafungu matatu ya kumi yaliyofungwa kwa mpira na vijiti viwili vya pekee, useme tu "Hizi ni 32 zako." Cha nne: fungua fungu moja wewe mwenyewe, bila maelezo, vijiti vyake kumi viungane na vile viwili. Cha tano: fanya nyingine ya aina hiyo, 41 − 13, mwanzo hadi mwisho mbele yake huku ukisema kila unachofanya, kisha umrudishie ya kwake.

Andika namba ya kidokezo alichohitaji: 0 kama alipata peke yake, hadi 5. Baada ya wiki mpe 53 − 26. Aliyekuwa kwenye 4 akashuka hadi 2 amejifunza sana, ingawa kwenye daftari bado anaonekana "hajui". Aliyebaki kwenye 5 mara mbili hayuko tayari kwa hesabu hiyo. Mrudishe kwenye kufunga na kufungua mafungu bila kutoa. Hapa Piaget anaingia mlango wa nyuma: sababu ya kubaki kwenye 5 mara nyingi ni kwamba kwa mtoto huyo fungu la kumi likifunguliwa linakuwa "vingi zaidi", kama maji yaliyopanda kwenye chupa nyembamba.

Makosa yanayoua mbinu hii ni mawili. La kwanza ni kuruka hadi cha tano kwa sababu kengele imekaribia. Mtoto anajifunza kwamba akikaa kimya mwalimu atafanya. La pili ni kuacha kiunzi mahali pake mwaka mzima. Tazama saa. Mshale mfupi uko kwenye 7, na kila mtu nyumbani anasema saa moja. Kwa mtoto anayesoma tarakimu huo ni ukorofi. Kiunzi chake ni rahisi: chora uso wa saa kwenye boksi, nje ya tarakimu za kawaida zungushia duara la pili lenye rangi nyekundu, penye 7 andika 1, penye 8 andika 2, uendelee hivyo hadi penye 6 uandike 12. Paka mshale mfupi nyekundu pia. Bila rangi hiyo mtoto atausoma hata mshale mrefu kwa duara la nje, na dakika zote zitapotea. Wiki ya pili futa namba nyekundu tatu, ya tatu futa sita zaidi, ya nne ondoa duara. Ukiliacha ukutani, mtoto atasoma saa ya darasani tu.

Kuhusu kujisemea

Mtoto wa miaka minne anapanga matofali huku akisema: "Hili kubwa... hapana, linaanguka... weka huku." Hamsemeshi mtu. Piaget, mwaka 1923, aliiona sauti hiyo kama alama ya mtoto asiyeweza bado kujiweka mahali pa msikilizaji; akikua itakufa. Vygotsky alisema haifi, inaingia ndani na kuwa fikra. Akaiwekea jaribio: mtoto anachora, ghafla penseli anayoihitaji haipo. Kujisemea kukaongezeka karibu mara mbili. Kama kungekuwa kelele tu za utoto, kusingeongezeka pale penye tatizo.

Katika hili Vygotsky ameshinda, na hata Piaget, alipoandika maoni yake mwaka 1962 juu ya kitabu cha marehemu, alikubali mengi. Darasani maana yake ni moja: "Nyamaza, fanya kimyakimya!" ni amri mbaya kwa mtoto wa awali au darasa la kwanza anayehesabu. Unamnyang'anya zana. Kama kelele ni tatizo, mfundishe kunong'ona.

Kwa jicho moja

| | Piaget | Vygotsky |
|---|---|---|
| Kosa la mtoto ni | dirisha la mantiki yake | mahali pa kuanzia msaada |
| Kazi ya mwalimu | kuweka vitu na tatizo, kisha kusogea pembeni | kusaidia kwa kipimo, kisha kuondoa msaada |
| Rafiki wa mtoto | anafaa kwa kubishana naye | anafaa kama anajua zaidi kidogo |
| Lugha | hufuata fikra | hujenga fikra |
| Muda wa kupima mtoto mmoja | dakika 8 hadi 10 | dakika 5 hadi 15, na kurudia baada ya wiki |
| Huharibika pale | umri unapofanywa geti | msaidizi anapofanya kazi yote |

Mstari wa rafiki unahitaji neno zaidi. Kama unataka watoto wabishane kuhusu maji, weka pamoja wawili wa kiwango kinachokaribiana wenye majibu tofauti. Aliye juu mno hamalizi hata sentensi kabla mwenzake hajakubali kila kitu. Kama unataka mmoja amsaidie mwingine kutoa 17 kutoka 32, weka anayejua na asiyejua, kwa sharti moja lisilovunjwa: anayejua hashiki penseli. Anaruhusiwa kuuliza na kuonyesha vijiti, basi. Bila sharti hilo, jozi thelathini zitakuletea madaftari sitini yenye majibu sahihi na watoto thelathini waliojifunza kunakili.

Nje ya Geneva na Moscow

Wote wawili waliandika wakiwatazama watoto wa kwao, na hapa Vygotsky anasimama vizuri zaidi kwa sababu nadharia yake inatarajia tofauti. Watoto wa wafinyanzi huko Meksiko, waliochunguzwa na Price-Williams na wenzake na kuandikwa mwaka 1969, waliwatangulia wenzao kwenye jaribio la udongo, kwa kuwa udongo ndiyo kazi ya nyumbani. Kenya, katika kijiji cha Wakipsigis cha Kokwet, Charles Super alieleza mwaka 1976 kuwa watoto wachanga walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, lakini si kutambaa: mama walikuwa wakiwafundisha kukaa na kutembea kwa makusudi, na kutambaa hakuna aliyewafundisha. Wakipsigis hao pia walitenganisha akili ya nyumbani na akili ya shuleni, kila moja na jina lake.

Mfano ulio mkali zaidi ni wa Recife, Brazili, mwaka 1985. Carraher, Carraher na Schliemann waliwaendea watoto watano wenye umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu mtaani, wakanunua na kudai chenji. Majibu sahihi: asilimia 98. Hesabu zilezile zikiandikwa kama maswali ya maneno: asilimia 74. Zikiandikwa kwa tarakimu tupu: asilimia 37. Usome matokeo hayo ukimfikiria mtoto anayetumwa dukani na shilingi 2,000, akarudi na sukari na chenji kamili, kisha kesho yake akakosea 2,000 − 1,350 ubaoni. Dukani anapanda: 1,350, hamsini inafika 1,400, mia sita inafika 2,000. Ubaoni anatakiwa kukopa kupitia sufuri mbili. Ni fikra mbili, na ya kwanza ni nzuri. Ianzie hapo, mwandikie mstari wa namba apande juu yake.

Lugha nayo. Kiswahili kinamsaidia mtoto kwenye kumi na moja hadi kumi na tisa, kwani makumi na mamoja yanasikika waziwazi. Kinamwacha peke yake kwenye ishirini, thelathini, arobaini, ambazo hazimwambii chochote kuhusu mbili, tatu na nne. Kwa mtoto anayekwama hapo, kaa wiki mbili na "makumi mawili na tatu" kabla ya "ishirini na tatu". Na mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao, fanya jaribio la maji kwa lugha anayoiota usiku, au utakuwa unapima msamiati.

Basi, yupi?

Tukiulizwa uandae nini Jumapili jioni, tutakuambia Piaget. Tukiulizwa uingie na nani darasani Jumatatu, tutakuambia Vygotsky.

Mwalimu wa awali (au wa PP1 na PP2 kwa wa Kenya): Piaget atangulie. Vitu vingi vya kushika, na usikimbilie tarakimu kwenye karatasi wakati visoda bado vinadanganya macho. Lakini usimsubirie mtoto "afike umri". Mahali Piaget alipotumika vibaya zaidi ni katika sentensi "bado mdogo, ataelewa mwakani", wakati kikaragosi cha soksi kingeonyesha anaelewa leo.

Darasa la kwanza hadi la tatu, kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu): Vygotsky, kwa ngazi ya vidokezo. Kwa darasa la watoto 60 huwezi kumpima kila mmoja kwa dakika nane. Hizo ni saa nane kamili. Pima watano kwa wiki wakati wengine wakiwa na kazi ya jozi, na baada ya wiki kumi na mbili umewapitia wote. Anza na wanaokosea kwa namna usiyoielewa, si wanaokosea zaidi.

Darasa la tano na kuendelea, unapoanza aljebra na sehemu: rudi kwa Piaget kidogo. Mwanafunzi anayeshindwa na x mara nyingi si mvivu, bado anataka kitu cha kushika. Mpe mizani ya mti na mifuko iliyofungwa yenye mawe ndani kabla ya herufi.

Mzazi nyumbani: huhitaji kuchagua. Unapopika, mpe nyanya akugawie mafungu yanayolingana, msikilize anavyojisemea, na ukitaka kumsaidia, kwanza wewe hesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano.

Na kuna mtoto ambaye hafanyi vizuri kwa huyu wala kwa yule: visoda anakosea, vidokezo vyote vitano havimsogezi, na maelekezo huyafuata kwa kuwatazama wenzake. Kabla hujamwandikia hatua yoyote, simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, asione midomo yako, unong'one majina ya vitu vitatu anavyovijua, umwombe ayarudie. Rudia siku nyingine, upande wa kulia na wa kushoto. Akishindwa, mwambie mzazi ampeleke kliniki apimwe masikio.